Karani Aliyeuliza: Siku Hizi Unaitwa Nani?

Leo Alhamisi, tarehe 30 Juni 2005, Mzee Gaudensi Nandonde anastaafu baada ya kuitumikia Mahakama yetu ya Mwanzo kwa miaka thelathini na minne. Aliingia mwaka 1971 akiwa tarishi, anatoka akiwa karani. Mahakimu wamekuja na kuhamishwa, paa la makuti limeondoka likaja la bati, lakini mlango umebaki ule ule, na kila asubuhi aliyesimama pale kuita majina ya watu alikuwa yeye.

Nimeambiwa niandike mimi, Luisa, mhudumu wa ofisi. Sikuelewa kwa nini, maana waliosoma kunizidi wapo. Nikaambiwa niandike kama ninavyosimulia pale nyuma nikichemsha chai. Basi nasimulia. Nikikosea neno la sheria, Mzee mwenyewe amekaa meza ya mbele, atanisahihisha kwa jicho.

Mzee Gaudensi ni mtoto wa Mpapura. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupeleka samansi kwa baiskeli, leo Kitaya, kesho Naliendele. Samansi, kwa asiyejua, ni karatasi ya kumwita mtu shaurini: fulani anakudai, njoo siku fulani useme na wewe ya kwako. Ndivyo ilivyo tu, lakini watu waliiogopa kama nyoka. Mama mmoja aliposikia kengele ya baiskeli alikimbilia kwenye mihogo, akiamini kwamba asipoigusa karatasi, kesi haimpati. Mzee akamwita balozi wa nyumba kumi awe shahidi, akakaa juu ya kinu cha mwenyewe, akasubiri. Baada ya muda sauti ikatoka mihogoni:

"Umeshakwenda?"

"Bado, mama. Nakunywa maji yako."

Basi akasimama akaisomea mihogo ile samansi, neno kwa neno, kwa ile sauti yake inayofika mpaka barabarani. Mihogo ikatikisika, halafu ikauliza: "Kwa hiyo nije Jumatano?"

Mwaka 1984 alipandishwa kuwa karani, na hapo ndipo alipoanza kazi ya kutuelewesha, ambayo naona hajaimaliza. Watu wetu wakisikia mahakama wanafikiri jela. Yuko baba aliyeitwa kwa sababu mbuzi wake alikula mihogo ya jirani. Akaja na mkeka, blanketi na kipande cha sabuni, nyumbani ameshaaga na watoto wameshalia. Mzee akamweleza kwamba haya ni madai, si jinai; jirani anataka alipwe mihogo yake, hataki ufungwe. Baba akaitikia, "Nimeelewa." Shauri likaahirishwa, siku ya pili akaja na mkeka tena. Hukumu ilisomwa akiwa ameukalia, na alishinda, kwa sababu ilithibitika mbuzi hakuwa wake. Alipotoka nje akamvuta Mzee pembeni akamwuliza, "Sasa naingia lini?"

Mimi simcheki, kwa sababu nami nilikuja hapa mara ya kwanza nikiwa sijui naingia wapi.

Ilikuwa mwaka 1998. Nilikuwa mdaiwa, na mwanangu Vania mgongoni hajaota hata jino. Aliyenidai alikuwa mjomba wangu Armando, ndugu wa mama yangu wa tumbo moja. Kwetu mjomba ndiye mkubwa wako, ukipata shida unakwenda kwake. Sasa akikushitaki yeye mwenyewe, unakwenda kwa nani? Mjomba alivuka Ruvuma kutafuta kazi nikiwa mtoto, akakaa huko mpaka tukadhani amekufa. Aliporudi Kitaya alikuta mama yake, yaani bibi yangu, ameshazikwa, na mimi naokota korosho chini ya mikorosho aliyoipanda yeye kabla hajaondoka. Mikorosho ile bibi alinikabidhi mwenyewe. Niliipalilia, niliipulizia dawa ya salfa, na tangu baba wa mtoto alipokwenda zake ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Ningenyang'anywa ile, nisingekuwa na kitu cha kumpa Vania.

Samansi ilikuja na jina langu la utotoni. Watu wa huku wanaelewa hapo pana nini. Msichana akitoka unyagoni anapewa jina jipya, na lile la zamani linabaki huko huko. Kumwita nalo mbele za watu ni kumtukana, na yeye kuitika ni kujitukana mwenyewe. Mjomba hakuwa na nia mbaya. Aliniacha mtoto, hakuwa na jina langu lingine la kumpa karani. Jina lenyewe siliandiki hapa, msihangaike kulitafuta.

Balozi aliniambia nenda, nikaenda. Nikakaa kwenye benchi. Mzee Gaudensi akasimama mlangoni akaita lile jina kama lilivyoandikwa. Nikatazama miguu ya mwanangu. Akaita mara ya pili, kina mama wa Kitaya wakaguna. Akaita mara ya tatu. Sikujua kwamba mdaiwa aliyepata samansi, akiitwa asiitike, shauri lake linaweza kusikilizwa upande mmoja: anayedai anasema peke yake, analeta mashahidi wake peke yao, na wewe hukumu inakukuta nyumbani unatwanga. Mimi nilifikiri jina likiwa si langu, na kesi pia si yangu.

Hakimu Elia, aliyekuwa mgeni kutoka Bara, akashika kalamu aandike. Mjomba akaruka.

"Mheshimiwa, si yule pale, ananyonyesha!"

Nikajibu nikiwa nimekaa, "Huyo unayemwita simjui, mjomba."

"Humjui, halafu unaniita mjomba?"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akavua miwani. "Mama, wewe upo au hupo?"

"Mimi nipo, Mheshimiwa. Huyo anayeitwa ndiye hayupo."

Bi Asha, mzee wa baraza aliyekaa kando ya hakimu, alikuwa ameshajifunika uso kwa kanga, sijui kwa aibu au kwa kucheka. Hakimu akamtazama Mzee Gaudensi. Mzee akalitazama jalada. Karani hawezi kumtungia mtu jina, na jina lililokuwemo nilikuwa nimelikataa. Hata yeye, naona, alichanganyikiwa. Akaomba ruhusa, akarudi mlangoni, akaita bila kutaja jina lolote:

"Anayedaiwa mikorosho ya Kitaya!"

Nikasimama. "Nipo!" Vania akaamka akalia kwa nguvu.

Ndipo Mzee akanisogelea, akainama, akauliza polepole, kama mtu anayemwuliza mgonjwa amelalaje, "Mwanangu, siku hizi unaitwa nani?"

"Luisa."

Mjomba akageuka. Akauliza, "Luisa gani?"

"Jina la bibi."

Hakimu akaamuru jina lirekebishwe. Alipomwuliza mjomba kama anakubali, mjomba aliitikia kwa kichwa tu, na kwa kuwa jina limebadilika, shauri likatakiwa kuitwa upya. Mzee Gaudensi akarudi mlangoni kwa mara nyingine. "Armando, mdai! Luisa, mdaiwa!" Nikafungua mdomo niitike, mjomba akanitangulia.

"Hayupo," alisema. "Alikufa mimi niko ng'ambo. Sikumzika."

Akakaa chini. Hakuna aliyecheka tena. Hakimu Elia alibaki na kalamu hewani, maana sasa mdaiwa alikuwa amesimama mbele yake na mdai anasema amekufa, na nadhani hakuna kitabu alichosoma kilichokuwa na mambo hayo. Mwishowe akamwuliza mjomba kama anataka kuendelea na madai yake.

"Nitamdaije mama yangu, Mheshimiwa?"

Sheria inaruhusu waliogombana waombe nafasi ya kupatana wenyewe. Hakimu akatupa nafasi hiyo. Mzee Gaudensi akatuwekea benchi nyuma ya mahakama, akaleta maji kwenye kata, na hakutuamulia neno hata moja. Alitueleza tu kwamba tukikubaliana, makubaliano yataandikwa, tutayawekea dole gumba, hakimu atayasoma, yatakuwa hukumu kamili, na kesho hakuna wa kuamka na kuyageuza kwa sababu amelala vibaya. Akaenda zake.

Mjomba akachora chini kwa kijiti. Halafu akasema, "Lakini nilipanda mimi."

"Nakubali ulipanda wewe," nikamwambia. "Kuihama ndiko ninakokataa."

"Nani kakwambia uhame? Mimi nataka pa kukaa."

Kumbe! Tumefika mpaka mahakamani, na mtu alikuwa anataka pa kukaa. Makubaliano yakawa hivi: mikorosho navuna mimi, mjomba anakaa katika nyumba ya bibi na anakula ninachokula, na sisi wote tukiondoka duniani mikorosho ni ya Vania. Mzee Gaudensi aliyaandika kwa mwandiko wake wa kulala, hakimu akayasoma, tukatoka. Mpaka leo sijui nilishinda au nilishindwa. Nilimwuliza Mzee, akasema katika shauri la namna ile hilo haliulizwi.

Kuanzia siku hiyo akajiwekea utaratibu wake. Kila asubuhi kabla hakimu hajaingia, anapita kwenye mabenchi na majalada kwapani, anamwinamia kila mtu: "Siku hizi unaitwa nani?" Mwenye majina mawili yanaandikwa yote mawili, na linaloitwa mlangoni ni lile analolitaka mwenyewe. Mahakimu wapya walidhani mzee anasahau watu. Jirani yake wa Mpapura alimjibu, "Lile lile la jana, Gaudensi, anayebadilika ni wewe, unazeeka!" Akacheka, na kesho yake akamwuliza tena. Tangu aanze hivyo, mimi sijaona tena mtu aliyekaa ndani ya mahakama akahesabiwa hayupo.

Mwaka 2001 ilipotokea nafasi ya mhudumu, ni yeye aliyenihimiza niombe. Nami nimemsumbua kwa maswali toka siku hiyo. Kwa nini anayedai ndiye aanze kuthibitisha, wakati aliyeumizwa ni yeye? Kwa nini aliyeshindwa ana siku zake za kukata rufaa kwenda Wilaya? Na hili la kukazia hukumu: mtu ameshinda, ameshapiga na vigelegele, kwa nini arudi tena kuomba apewe alichoshinda? Mzee aliniambia, "Mahakama inasema, haibebi. Ukitaka ibebe, njoo uiambie." Nimelitafakari jibu hilo nikifagia, miaka yote minne. Siku zingine nalielewa mpaka nifike mlangoni, halafu linanitoka. Na sasa mashauri ya ardhi yanakwenda kwenye mabaraza yake, watu wanakuja na mipaka ya mashamba yao wanaambiwa si hapa tena. Niliona juzi Mzee mwenyewe akimwelekeza mtu njia ya kwenda barazani, akamaliza, akajikuna kichwa, akamwita amwelekeze upya. Nikafarijika kidogo.

Kuanzia Jumatatu kuita majina mlangoni nimepewa mimi. Nilipoambiwa nilidhani ni mzaha. Mzee amenifanyisha mazoezi uani wiki nzima. Mbuzi wa jirani walikimbia, naye akasema bado, ongeza. Sijui kama sauti yangu itafika kwa mtu aliyejificha kwenye mihogo yake. Lakini swali la kuuliza kwenye mabenchi ninalo, na hilo halihitaji sauti kubwa.

Mzee wetu, tunakushukuru, sisi tuliofanya kazi na wewe na wale uliowaita wakaja wakitetemeka. Mjomba Armando yuko hapa nyuma, amekuletea korosho alizobangua mwenyewe. Vania yuko naye, anaanza kusoma, amesoma jina lako kwenye karatasi ya leo bila kusaidiwa. Nenda ukapumzike Mpapura na mkeo, Mama Martha, mle mnachokipenda, mwamke mnapotaka, na afya isiwapungukie.

Na kwa kuwa leo unatoka, unapata na wewe jina jipya kama anavyopata mtu wa kwetu. Siku hizi unaitwa Mstaafu. Lile la Karani tunalibakiza hapa mlangoni, na mtu akikuita nalo barabarani, tunakuomba sana, usiitike.