Mama Emérita Uwamwezi, Aliyepeleka Vidonge Arusini (1961–2025)

Mama Emérita Uwamwezi alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kwenye vilima vya Masisi, mtoto wa tatu wa Papa Nzabandora, mfugaji. Alilelewa kwa maziwa, maharagwe na mboga ya lengalenga, na alizoea kusema kwamba njaa hakuijua sura mpaka alipoteremka Walikale.

Alisoma kwa masista, kisha akasomea ukunga Goma na kupata diploma mwaka 1984. Mwaka uliofuata alianza kazi katika kituo cha afya hapa Mubi, Walikale, akazalisha watoto kwa miaka thelathini na minane.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na Papa Théophile, mchimbaji wa dhahabu. Mimba ya kwanza aliificha kama desturi yetu inavyotaka, kwamba mimba haitajwi hadi ijionyeshe yenyewe, jicho la watu lisije likaiharibu. Yeye, mkunga, aliwaficha hata wakunga wenzake. Miezi ile walikula fufu ya muhogo na chumvi. Maji waliyachota mtoni, chini ya mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, na Papa Théophile alichomea zebaki ya kusafishia dhahabu jikoni, juu ya mbabula ileile ya makaa ya kupikia chakula. Mahoro alizaliwa Mei 1988, mgongo wake ukiwa wazi. Aliishi siku tisa.

Majirani walisema amelogwa. Yeye alimwendea daktari Édouard wa kituo.

“Ni maji, ni moshi, ao ni chakula?”

“Mama, siwezi kujua. Lakini mugongo ya mutoto inajifungaka mu mwezi ya kwanza. Bibi akikuja kwetu na tumbo ya miezi ine, tumeisha kuchelewa.”

Jibu hilo lilimnyima raha maisha yake yote. Zebaki aliifukuza jikoni. Kisha, vidonge vya asidi foliki, vinavyosaidia mgongo wa mtoto kujifunga, vilipoanza kufika kituoni, alikata shauri kutowasubiri wanawake waje. Kila arusi aliyoalikwa alipeleka kikapu cha maharagwe, na ndani yake pakiti ya vidonge.

Mwaka 2009, huko Itebero, mama wa bwana arusi alivitupa chini.

“Mama Emérita! Unaleta dawa ya kukataza uzazi ku arusi ya mutoto yangu?”

“Hapana, mama. Ningetaka kukataza, ningekuja na wewe ulale katikati yao.”

Watu walicheka hadi ngoma zikanyamaza. Bi arusi aliviokota, akavifuta vumbi. Alizaa mtoto mzima, lakini Mama Emérita hakujisifu. “Wazima wanazaliwa hata bila vidonge,” alisema. Na wapo waliomeza wakazaa watoto kama Mahoro. Watoto hao aliwazika yeye mwenyewe, akisaidiana na mama zao.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Wiki mbili kabla ya mwisho, Kamaliza, mke wa mwanawe Shema, aliinama sikioni pake.

“Mama, niko na mimba. Wiki tano. Vile vya kikapu nilimeza vyote.”

“Nani mwingine anajua?”

“Wewe tu.”

“Sasa mimi naenda na siri hiyo mu kaburi, na wewe utabaki na nani? Sema, mutoto yangu. Ata kama wanakunja sura, sema.”

Alifariki Jumapili, tarehe 2 Novemba 2025, akiwa na miaka sitini na minne. Alitamani kulala karibu na baba yake, lakini njia ya Masisi haipitiki. Tunamlaza Mubi, kando ya Mahoro.

Ameacha mume, Papa Théophile, wana wawili, Rukundo na Shema, wakwe wawili, wajukuu wanne, na mtoto wa wiki saba tumboni mwa Kamaliza. Kamaliza ameomba mtoto huyu atajwe hapa leo, mbele yenu nyote. Hatujui atazaliwaje. Tunaomba anayepika ampikie mama yake mboga, na anayechota maji achote mtoni upande wa juu wa mgodi.

Mama Emérita, pumzika kwa amani. Huyu hatukumficha.