Karangwa Védaste, Aliyekimbia Bila Kufukuzwa

Wapendwa ndugu wa ukoo, majirani wa Nyamitaba mliotawanyika pamoja nasi, na ninyi wenyeji mliotukatia kipande cha ardhi ya kumlaza, mimi ni Emérita, mtoto wake wa kwanza, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Papa Karangwa Védaste.

Alizaliwa Nyamitaba, katika Masisi, tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa Papa Ndayambaje na Mama Drocella, wakulima waliolima mlima uleule walioulima babu zao. Aliingia shule ya msingi hapohapo mwaka 1973, akaendelea na sekondari, lakini mwaka 1983 baba yake alifariki, naye akaacha masomo akarudi kwenye jembe. Mwaka 1985 alianza kazi ya kutengeneza fromaji, yaani jibini, akaipenda, na mikono yake ikawa inanukia maziwa hata siku ya Pasaka.

Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa kanisani na mama yetu, Béata Uwamwezi, wakajaliwa watoto wanne. Vita vya mwaka 1993 vilimkuta na ng'ombe, vikamwachia kamba, tukakimbilia Walikale, tukaishi Hombo, ambako mdogo wangu Guylain alikufa kwa malaria mwaka 1996, akazikwa kando ya barabara, na kaburi lile hatukuliona tena. Mwaka 2004 tulirudi Nyamitaba, baba akaanza upya, kwa ng'ombe mmoja wa kuazima.

Mwezi wa Mei 2012, akiwa na miaka arobaini na sita na tumbo kubwa la mtu anayeonja fromaji kutwa, alianguka kazini. Muuguzi wa kituo cha afya, Mama Annonciata, ambaye yuko hapa nasi, alimpima akamwambia, "Papa Karangwa, tension, hii presha ya damu, iko juu sana, na huu uzito njo unaipandisha, dawa utakunywa, lakini ukikaa bila kutembeza mwili, dawa peke yake haitaweza." Baba alijibu kwamba dawa atajitahidi kununua, lakini miguu anayo tayari.

Asubuhi ya kwanza aliposhuka mlima mbio, mama mmoja aliyekuwa akichota maji alimwona, akatupa bidon, akabeba mtoto wake akakimbia, na waliomwona yeye wakakimbia pia, magodoro kichwani, hata nusu ya kijiji ikawa imeingia msituni kabla ya yeyote kuuliza nani anatufukuza. Tulicheka baadaye, lakini si sana, maana bibi mmoja alivunjika mkono. Chefu wa kijiji alimwita, akamwambia kwa upole, "Papa, kwetu hapa hakuna muntu anakimbiaka bure, kama unataka kukimbia, anza kwanza kutembea, salimia watu, wakuone uso."

Basi baba akafanya hivyo, akawa anatembea kwanza akisalimia nyumba kwa nyumba, kisha anakimbia polepole mpaka daraja la mto na kurudi. Viatu vyake vilikuwa vya mitumba, fundi alivitia soli ya mpira wa gari, na hakununua kingine chochote, bali aliinua mawe ya uzio badala ya vyuma, akaacha sukari katika chai, akala maharagwe na sombe ya majani ya muhogo, na fromaji aliyotengeneza akaiuza badala ya kuila. Wenzake wa umri wake wakaanza kumfuata, wanaume na wanawake, na mwaka 2015 Mama Annonciata alimpima mara mbili, akidhani mashine imeharibika, tension ilikuwa imeshuka hivyo.

Mwezi wa Februari 2023 vita vilifika Nyamitaba. Siku ile baba alimbeba Mama Drocella mgongoni, akapumzika, akambeba tena, hadi tukapita Sake na Mubambiro, tukaingia kambi ya wakimbizi, na bibi yetu yuko hai leo, ameketi pale mbele, anamzika mtoto aliyembeba.

Kambini hakuacha kukimbia. Tarehe 4 Julai 2023, njiani, watu wenye bunduki ambao hawakutaja jina lao walimsimamisha, wakamuuliza, "Unakimbia nini, muzee?" Akawajibu, "Ninakimbia tension, kaka." Walicheka, halafu mmoja akasema mzee wa miaka hii hakimbii bila kazi ya mtu, huyu anahesabu bunduki zetu, wakampiga goti kwa kitako cha bunduki mpaka likavunjika. Alirudi akitambaa.

Toka siku hiyo hakukimbia tena. Alikaa mlangoni mwa hema, mwili ukaongezeka, dawa zikakosekana kambini kwa majuma, na kila mara Mama Annonciata, aliyekimbia pamoja nasi, alipompima, tension ilikuwa imepanda tena. Tarehe 19 Novemba 2023, Jumapili, siku ya Mungu, asubuhi, upande wake wa kulia ulikufa, na mchana alituacha. Kwenye karatasi wameandika ugonjwa wa kawaida. Sisi tuliokaa naye tunajua barabara ilichukuliwa kwanza, ndipo ugonjwa ukarudi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu, na mama yake mzazi. Tunawashukuru waganga waliofanya walichoweza bila vifaa, majirani wa kambi waliombeba kwenye kiti, na wenzake wa kazi ya maziwa waliochanga sanda na jeneza. Waliompiga hatuwajui, na mtuwie radhi, hatujapata bado moyo wa kuwaombea.

Papa, lala katika amani ile ambayo sisi watoto wako hatujaijua.