Mgeni wa Mzee Dagane

Ndani ya tuktuk ya kwenda mtaa wa Iftin, hapa Garissa, redio ilitangaza kwamba mkuu wa nchi fulani, anayetakiwa na mahakama ya ICC kule Hague, angezuru Kenya. Je, serikali itamkamata?

"Thubutu!" alisema mzee Dagane, mfanyabiashara wa ngamia, kana kwamba ndiye aliyeulizwa. "Mgeni akinywa maziwa yangu, simtoi kwa mtu. Hata babangu hakuwahi kumtoa mgeni. Wallahi, hiyo ndio heshima yetu."

Akajipiga kifua. Kwa vile tulibanana watatu, kiwiko chake kilinipata mimi.

Mwanamke aliyeketi upande wangu wa pili alitabasamu. "Heshima yenu naijua, mzee. Mimi nilimkimbia mkuu huyo huyo. Nilipofika Garissa, nyumba ya kwanza niliyobisha hodi walinipa maziwa kabla ya kuniuliza jina. Mpaka leo naringa kwamba mimi ni mgeni wenu."

"Umeona!" Mzee alinigeukia, uso umemnawiri.

"Sasa yeye naye akija akanywa maziwa," mama yule aliendelea, "mgeni wako ni nani, mimi au yeye?"

Tuktuk ikasimama. Tulikuwa tumefika Iftin. Mzee, aliyemhimiza dereva tangu sokoni aongeze mwendo, hakushuka.