Don Belarmino na Miti Thelathini na Saba ya Bonde la Rayenko

Quilaleufu, tarehe 25 Machi 2024. Ninaahidi kueleza yote, hata yale ambayo mstaafu mwenyewe aliniambia si lazima yaandikwe.

Don Belarmino Guaiquil Llancar, bwana misitu wa kituo chetu, anastaafu tarehe 31 mwezi huu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Kwa kawaida wasifu wa mstaafu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Wenzake wawili walihamishiwa mjini, mmoja mwaka juzi na mwingine mwaka jana, na hakuna aliyeletwa badala yao. Kwa hiyo ofisi ya misitu ya mjini ilituma barua shuleni, na Mwalimu Edith akanipa mimi kazi hii kwa sababu nyumba yetu inatazamana na kituo.

Alianza kazi mwaka 1990. Alikabidhiwa koti la mvua, farasi, darubini, na nyundo ya chuma yenye muhuri wa serikali. Farasi alikufa. Koti limebadilishwa mara tisa, na hakuna hata moja lililozuia mvua ya huku. Nyundo ni ile ile. Kazi yake kila mtu anaijua: sheria inakataza kukata mti wa alerse ulio hai, lakini uliokufa unaruhusiwa kupasuliwa vigae vya mbao vya kuezekea paa kwa kibali. Bwana misitu akiukagua mti na kuugonga muhuri, basi mbele ya sheria umekufa.

Tatizo ni kwamba alerse haieleweki haraka. Inaweza kusimama miaka elfu mbili, ikavunjika kilele, ikapoteza gome na kuwa nyeupe kama mfupa, na bado upande wa nyuma kuna ukanda wa gome, mwembamba kama mkono wa mtoto, unaopeleka maji kwenye tawi moja.

Mwaka 1992 Don Belarmino aligonga miti kumi na mmoja kwa siku moja. Mvua ilikuwa inanyesha, alikuwa na njaa, na watu walikuwa wanamsubiri na mashoka. Mti wa tisa ulipoanguka, tawi lake la juu lilikuwa na majani mabichi. Walihesabu pete za shina mpaka elfu moja na mia nne, wakachoka, wakaacha. Hakuna aliyemshtaki. Aliandika kosa hilo mwenyewe kwenye ripoti, na ripoti haikujibiwa. Tangu hapo alijiwekea utaratibu ambao haumo katika kanuni yoyote: hagongi mti mpaka autazame katika majira mawili ya machipuko, ambayo huku huja Oktoba: Oktoba ya kwanza na Oktoba ya pili.

Utaratibu huo ulimletea maneno. Mjomba wangu Heriberto, ambaye hupasua vigae kama alivyofanya baba yake, amekuwa akimlalamikia uso kwa uso jikoni kwetu tangu sijazaliwa.

"Belarmino, huo mti ulikufa babu yangu akitambaa. Unangoja nini, tuuimbie misa?"

"Nangoja Oktoba."

"Si ulingoja Oktoba iliyopita?"

"Hiyo ilikuwa ya kwanza. Sogeza mkate wa viazi huku, acha kuukalia."

"Mwanamume huyu ni mzito kuliko hata huo mti," mjomba humwambia mama, na anausogeza mkate.

Lazima niseme pia kwamba paa letu ni la alerse, na la kituo ni la alerse, na la kanisa pia. Hakuna mtu hapa aliye nje ya jambo hili.

Katika miaka hiyo yote Don Belarmino alipanda miche elfu nne. Ng'ombe na sungura walikula mingi. Imebaki mia mbili na kumi na miwili, na ule mkubwa kuliko yote, wa mwaka 1994, unanifikia begani. Aliweka pia mabango saba yaliyoandikwa kwamba mti huu uko hatarini kutoweka. La nne alilikuta limekuwa mlango wa banda la kuku la jirani yetu mama Otilia. Alilisoma tena pale pale, akakubali kikombe cha chai, akaliacha. Alisema angalau kuku wameshajulishwa.

Februari mwaka jana moto uliingia bonde la Rayenko, kule juu milimani. Ulianzaje, hakuna aliyesema. Kila mtu hapa anajua kwamba alerse iliyoungua huhesabiwa haraka pamoja na zilizokufa. Iliungua miti arobaini na mitatu. Oktoba iliyofuata sita ilitoa majani. Imebaki thelathini na saba, na Oktoba yake ya pili haijafika. Si matumaini matupu. Baada ya moto wa mwaka 1998, miti mitano iliyokuwa kahawia Oktoba ya kwanza ilichipua Oktoba ya pili, na bado imesimama.

Mwezi uliopita alitupandisha bondeni, darasa zima. Njiani alikaa chini mara nne.

"Mnaniangalia mimi kwa nini? Tazameni miti. Mimi nikifa mtajua siku hiyo hiyo."

"Don Belarmino, usiseme hivyo mbele ya watoto," Mwalimu Edith alimwambia.

"Haya, basi waandike. Namba kumi na mbili, hakuna kijani. Ongezeni neno 'bado'."

Nilimuuliza kama amechoka. Alisema amechoka tangu mwaka 2005, ila hakuwa amepata nafasi ya kukaa na kulitafakari.

Wiki mbili zilizopita fomu ilikuja kutoka ofisini. Ina miti thelathini na saba, kila mmoja na visanduku viwili, hai au mfu, na isainiwe kabla ya mwisho wa mwezi. Alipiga simu. Aliambiwa kanuni inataka ukaguzi mmoja tu, kwamba hakuna mtu wa kuletwa kituoni, na kwamba msitu utasimamiwa kutoka mjini. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaiweka fomu mezani bila saini. Bado iko pale. Kuanzia tarehe mosi Aprili mtu mwingine anaweza kuisaini bila kupanda bondeni.

Nilimuuliza mjomba itakuwaje.

"Atakuja mtu na viatu safi, atagonga asubuhi, sisi tutakata mchana. Na mimi nitakata, mwanangu, sitakudanganya." Kisha akasema, "Belarmino angenichelewesha. Ningemtukana, lakini ningengoja."

Don Belarmino, shule ya Quilaleufu inakushukuru kwa kila Oktoba uliyopanda bondeni ukarudi umelowa. Tunakuombea magoti yasiyouma, jiko lenye kuni kavu, na asubuhi za kulala mpaka utakapochoka kulala.

Sasa naomba kumwandikia Mkuu wa ofisi ya misitu, ambaye atasoma karatasi hii kwenye sherehe ya kumuaga mstaafu. Bwana Mkuu, sisi wanafunzi kumi na wanne tunaijua njia ya Rayenko, na Mwalimu Edith amekubali kutuongoza. Tukipanda Oktoba na kuandika tulichokiona, mti kwa mti, je, ofisi yako itaacha visanduku vya miti yote thelathini na saba vikiwa vitupu mpaka maandishi yetu yafike, na unaweza kutupa jibu kabla hujapanda gari litakalokurudisha mjini?