Bibi Hifadhi wa Klabu ya Kompyuta

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, na nyinyi wanachama wa klabu ya kompyuta ambao naona mmekaa pamoja kama mlivyozoea, familia imenituma mimi, mdogo wake ninayemfuata, niwasimulie kwa ufupi maisha ya dada yetu, ingawa kusema kwa ufupi ni jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliweza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yetu, seremala, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mama alizoea kusema kwamba huyu alizaliwa macho kodo, akaanza papo hapo kuwakagua waliokuwepo. Aliingia darasa la kwanza Januari 1959, akamaliza shule ya msingi mwaka 1966 na sekondari ya wasichana mwaka 1970, kisha akajiunga na chuo cha uhazili, ambako tarehe 2 Desemba 1971 alifaulu mtihani wa kupiga chapa kwa mwendo wa maneno sabini kwa dakika bila kutazama vidole, na cheti hicho alikitundika sebuleni, juu kidogo ya picha ya harusi.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi ya ardhi, akakaa humo miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006. Kompyuta nne zilipoletwa pale ofisini Juni 1994, wapiga chapa wenzake saba walianza kunong'ona kwamba wamekwisha, na mkuu wa ofisi hakuwaficha, aliwaambia atabakiza wawili. Dada alichukua kitabu cha maelekezo, akakisoma kila mapumziko ya mchana kwa wiki sita huku chakula chake kikipoa, kisha akawa anawakalisha wenzake mmoja mmoja, akiwaambia, "Hii ni taipureta tu, ila ina maringo," na ilipofika Desemba wote wanane walikuwa wanazitumia kwa zamu, mkuu akakosa wa kumwondoa.

Kabla ya hapo, tarehe 13 Desemba 1975, alikuwa amefunga ndoa na fundi redio wa barabara ya sokoni, mtu mpole aliyemshinda mkewe kwa jambo moja tu, kunyamaza, na walijaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa 1977 ambaye ni muuguzi, kijana wa 1980 ambaye ni dereva wa malori, na kitinda mimba wa 1985, mwalimu wa hesabu, ambaye dada alimsomesha peke yake hadi chuo baada ya shemeji yetu kufariki tarehe 22 Mei 1998.

Alipostaafu tulidhani atapumzika, kumbe tulikuwa tunajidanganya, kwani Jumamosi ya tarehe 10 Machi 2007, saa tatu asubuhi, alifungua klabu ya kompyuta katika chumba cha nyuma cha maktaba ya mtaa, chenye dirisha lisilofungika, wakiwa watu sita na mashine mbili, moja haina herufi ya M. Walikuwepo fundi cherehani, kinyozi mwenye printa iliyotafuna karatasi, dereva wa basi mstaafu, na mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye wote tunamwita Mwalimu. Utaratibu wake ulikuwa kwamba kabla ya mtu kutoa ujuzi wowote, kila mmoja aseme shida yake ya wiki, paswedi iliyosahaulika, virusi, barua iliyotumwa kwa asiyehusika, na asicheke mtu, na hakika hawakucheka, isipokuwa siku ile dereva alipoeleza kwamba aliiosha kibodi yake kwa sabuni, akaianika juani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo dada alituagiza, akiwa na akili zake timamu, lisirukwe siku ya leo. Mwalimu alikuwa ametumia miaka tisa kuandika kamusi ya lugha ya nyumbani kwao, ambayo wanaoijua vizuri hawajai ukumbi huu, akafikisha maneno elfu nne na mia mbili, na dada ndiye aliyemwambia kwamba akishayaingiza kwenye kompyuta hana haja tena ya madaftari, naye akayachoma. Tarehe 8 Agosti 2009 mashine ya Mwalimu ilikuwa inajikokota, dada akasema ataifuta yote na kuipanga upya, akahamishia kazi za Mwalimu kwenye flashi, akafuta. Wiki hiyo hiyo alipoifungua flashi nyumbani kwake, alikuta amehamisha zile alama za kubonyeza ili kufungulia faili tu, vifuniko vitupu, na kamusi yenyewe haimo.

Angeweza kusema flashi imeharibika, na hakuna ambaye angembishia, maana pale klabu neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. Lakini Jumamosi iliyofuata zamu yake ilipofika alisimama, akashika meza, akasema, "Shida ya wiki hii ni mimi. Mwalimu, kamusi yako nimeifuta, si mashine, ni mimi." Mwalimu alichukua kofia yake, akatoka, na Jumamosi tatu hakuonekana. Dada alizunguka kwa mafundi wanne wa mjini na ile mashine kwapani, wa nne akaokoa maneno mia sita, na siku hizo, anasema kitinda mimba wake, mama alikuwa akikaa mezani, sahani mbele yake, asile.

Jumanne tarehe 8 Septemba alibisha mlango wa Mwalimu, amebeba kompyuta yake mwenyewe, akamwambia, "Sikuja kuomba msamaha, nimekuja kuchapa." Mwalimu alimwacha amesimama kibarazani muda mrefu, halafu akasema, "Basi ingia, usimame ndani," na wakaanza na A. Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri, kwa miaka miwili na miezi miwili, Mwalimu alisema na dada akachapa, na neno likimpotea Mwalimu walimpigia simu dada yake mkubwa, bibi wa miaka tisini aliyewakaripia wote wawili kwa matamshi. Wapo majirani waliongojea harusi, wakangoja mpaka wakachoka. Tarehe 17 Novemba 2011 kazi iliisha ikiwa na maneno elfu nne mia tisa na kumi na mawili, mengi kuliko yale ya kwanza, na nakala zake zikawekwa katika nyumba nane. Tangu hapo kila baada ya dakika kumi dada alipaza sauti chumbani, "Hifadhi!" na ndivyo alivyopata jina la Bibi Hifadhi.

Hakuwa mtu mwepesi, tuseme ukweli, aligonga meza kwa rula, alichukia kuelekezwa, na mimi mwenyewe alininunia miezi miwili kwa kumwambia miwani yake imepitwa na wakati.

Mwaka 2019 vidole vilianza kutetemeka, na daktari akathibitisha ni ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu usiopona, na kwa mtu wa maneno sabini kwa dakika pigo hilo mnalielewa. Aliacha kwenda klabu wiki tano, wanachama wakamfuata wakiwa na shida zao mkononi, kinyozi akitangulia na printa, na kuanzia siku hiyo alifundisha kwa mdomo, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mashine ikiwa nyuma yake, akisema, "Shuka chini, upande wa kulia, sasa nisomee kilichoandikwa," maana kila kitu kilikuwa kichwani, na fundi cherehani anasema hawakuwahi kujifunza kama miaka ile.

Tarehe 29 Januari 2025 alilazwa kwa homa ya mapafu, na asubuhi ya Jumanne tarehe 4 Februari, saa mbili na dakika arobaini, alifariki akiwa na umri wa miaka sabini na tatu, binti yake mkubwa amemshika mkono. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, ambao wanasema aliwasahihisha tahajia kwenye faili lake, majirani waliomsukuma kwenye kile kiti hadi maktaba mvua na jua, wenzake wa ofisi ya ardhi, ambao watano kati ya wale saba wapo hapa, wanachama wa klabu, na wewe Mwalimu, ambaye siku zote sita za hospitali ulikaa kwenye benchi la ukumbini na kukataa kuletewa kiti kizuri. Katibu wa klabu ameniomba niseme kwamba kesho Jumamosi chumba kitafunguliwa saa tatu kamili, na kwamba walijaribu kukubaliana wakifunge kwa wiki moja, hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono.

Dada, umefanya kazi, umechoka, sasa pumzika, pumzika salama.