Mama Kijiti Alivyopima Bawa la Pili

Marehemu dada yetu, ambaye kiwanja kizima cha ndege ndogo kilimjua kwa jina la Mama Kijiti, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Alikuwa kifungua mimba wa baba fundi cherehani na mama muuza maziwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, na kwa hesabu hakuwa na mpinzani. Baba alipofariki mwaka 1973, aliacha masomo kidato cha pili ili mdogo wake wa kiume aendelee. Mdogo huyo akawa mwalimu wa hesabu, na ndiye anayewasomea wasifu huu.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa kiwanjani kujaza mafuta. Kila asubuhi alikinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi kwenye chupa ya kioo, akayatazama juani kama yana maji. Kisha alipanda ngazi na kutumbukiza kijiti chenye alama za lita. Mshale wa kwenye dashibodi hakuuamini hata kidogo. Marubani walimtania kwamba hata akipewa chai hupima kikombe kwanza.

Tarehe 18 Julai 1981 aliolewa na fundi wa injini. Siku ya posa, fundi aliwasili akisukuma pikipiki iliyokauka tangi, jasho likimtiririka. Mchumba akamwuliza, "Kwani ulipotoka hukuchungulia?" Ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini na mmoja.

Tarehe 23 Oktoba 1997 mama yetu alizidiwa na tumbo, akalazwa kwenye machela ndani ya ndege ya injini moja apelekwe hospitali kuu. Rubani alipima mafuta mwenyewe.

"Bawa moja lina sitini," alisema. "Mara mbili, mia na ishirini. Safari inataka tisini. Twendeni."

Mdogo wake mwalimu, aliyekuwapo, akasema hesabu ni sahihi. Kweli ilikuwa sahihi. Lakini ndege ilikuwa imeegeshwa kwenye mwinamo, mafuta yameteremkia bawa la chini, na rubani alipima hilo tu. Mama Kijiti akabeba ngazi hadi bawa la pili. Humo mlikuwa na lita ishirini na tano.

"Haondoki mtu hapa," alisema.

"Dada, unamuua mama!" mdogo wake alimfokea mbele ya watu. "Kwa ajili ya kijiti?"

Mama Kijiti alikwenda kwenye pipa la mafuta. Machozi yalimtoka, mama anaguna kwenye machela, naye anazungusha pampu ya mkono, mafuta yakipita taratibu kwenye chujio la ngozi. Ilimchukua dakika arobaini. Mwalimu hajui hadi leo moyo ule dada yake aliutoa wapi.

Walipofika walikuta mvua imefunika uwanja, wakazunguka angani nusu saa. Baada ya kutua, rubani alipima mabawa yote mawili, kisha akaketi chini kwenye lami. "Tungeshukia porini," alisema. Mama alipasuliwa, akapona, akaishi miaka kumi na mmoja zaidi.

Marehemu alianza kuugua figo Agosti 2021. Hata wodini hakuacha kazi: "Nesi, dripu imebaki robo, nawe unaenda chai?" Alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja. Kwa miaka ishirini na mitano hakumkumbusha mdogo wake maneno yale hata mara moja, wala mdogo wake hakumwomba radhi. Alikuwa akingoja siku nzuri ya kuomba. Leo anaomba mbele yenu, kwa sauti ileile aliyomfokea nayo: dada, nisamehe.

Apumzike kwa amani, na asiharakishwe tena na mtu.