Donge la Mwalimu

Mwalimu wa chekechea alikaa mbele yangu ndani ya basi, amepakata kopo la unga wa kuchezea alioukanda mwenyewe kwa ngano, chumvi na mafuta. Fundi rangi aliyekaa pembeni yake alikuwa hatulii. "Mwanangu ana miaka mitano, dada, hajui hata kuandika jina lake. Kutwa anafinyanga nyoka. Leo naenda kumhamisha shule."

"Vidole vilegevu havishiki kalamu, kaka," alisema mwalimu, akamkabidhi donge. "Hebu bonyeza."

Fundi alibonyeza, huku akiulaumu msongamano na kunitazama mimi kana kwamba basi ni langu. Mwalimu akamweleza kuwa zamani unga wa namna hii ulikuwa wa kusafishia masizi ukutani, mpaka watoto walipoonja raha ya kuufinyanga.

"Ungebaki huko huko ukutani," alisema fundi. "Kila siku nabandua vinyoka vyenu kwenye kuta za watu." Mikono yake, lakini, ilikuwa imeshakubaliana na mwalimu: ilifinyanga bila kukoma.

Basi likasimama. "Nirudishie donge langu, nashuka hapa."

Fundi hakuinua macho. "Subiri kidogo, mwalimu. Huyu mbuzi bado mguu mmoja."